Mwelu na Salamu za Alhamisi

Kila Alhamisi jioni Mwelu alipanda ngazi za jengo letu la River Road akiwa na mawe ya redio, betri zile kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Mawe yenyewe yalikuwa yamechoka zamani. Alikuwa ameyaanika juu ya mabati ya nyumba yake kule Waithaka tangu asubuhi, na yakishapata jua yalikuwa na nguvu ya kuzungumza saa moja hivi, kisha yakafa tena mpaka wiki ijayo. Angeweza kutumia umeme wa jengo, lakini umeme ule uliingiza mvumo kwenye masafa mafupi, na Mwelu hakutaka mvumo. Alikuwa akingojea jina la mtu, na jina ni kitu kidogo sana, mvumo hulimeza.

Ninaandika habari zake kwa sababu sioni mwingine atakayeziandika. Jengo limebomolewa. Mahali pake pana nyumba ya vioo inayouza simu, na vijana wanaosimama mlangoni wakikuita "mzee, kuja uone" hawajui kwamba ghorofa ya pili ya pale watu wazima walikuwa wakikaa kimya wakisikiliza lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Ukiwaambia watakuuliza kwa nini. Sina jibu la kumpa mtu ambaye hajawahi kungoja kitu.

Wakati huo mimi nilikuwa na mashine ya kupiga chapa katika chumba cha mwisho. Nilipiga kadi za harusi, risiti na matangazo ya mazishi. Chumba cha kati kilikuwa cha Mursal, fundi cherehani, Mnubi wa Kibera, mtu mnene mwenye sauti ya kunadi. Cha kwanza kilikuwa cha Were, aliyetengeneza saa na redio na ambaye hakuamini kitu chochote asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Chini kabisa, kwenye barabara, palikuwa na duka la kahawa na tende la Karama Bashuaib, Mwarabu wa Hadhramaut, mume wa Mwelu.

Mwelu alikuwa mtu wa kwetu, upande wa Mwala, nyumba ya Wakristo. Aliingia Nairobi akiwa msichana kufanya kazi za nyumba za watu. Alipoolewa na Karama alisilimu akaitwa Mariamu, lakini sisi wa kwao tuliendelea kumwita Mwelu, na majirani walimwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yake. Karama mwenyewe hakumwita chochote mbele za watu. Nilikaa na mtu yule miaka mingi na sikumsikia hata mara moja akilitaja jina la mkewe. Akitaka chai ishushwe dukani alimwambia Mursal, "Waambie watu wa nyumbani." Watu wa nyumbani walikuwa Mwelu peke yake. Ilikuwa heshima ya kwao: jina la mke ni kitu cha ndani, halitupwi barabarani. Leo mtu anamwanika mkewe kwenye simu mpaka na sahani aliyolia, halafu anashangaa mke hana haya.

Mwaka wa themanini na tatu Karama alipata habari kwamba mama yake yu taabani. Akasafiri kwenda kumwona. Alipofika, askari wa kwao wakaichukua paspoti yake na hawakumrudishia. Nchi yao wakati huo ilikuwa imefunga mlango kwa ndani, aliyeingia haponyoki. Hayo tuliyajua kwa barua yake ya kwanza. Ya pili ilisema anajaribu. Kisha mwenye jengo akaliuza, mnunuzi akalifunga duka, na sanduku la posta, ambalo lilikuwa kwa jina la duka, likapewa mtu mwingine. Mwelu alikwenda posta kuuliza mpaka karani akawa akimwona anaingia anatazama dari. Kama kuna barua zilizokuja baada ya hapo, Mungu ndiye anayejua zilikotupwa.

Yakabaki maneno ambayo Karama alimwachia mlangoni siku ya safari, mimi nikiwapo nikishika mzigo. Alisema bila kumtazama, "Nikikwama, sikilizeni redio. Alhamisi, kabla ya magharibi. Kuna salamu za walio mbali."

Stesheni ilikuwa ya huko huko kwao, ng'ambo ya bahari. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayesoma wosia. Alisoma salamu za watu kwa jamaa zao waliotawanyika duniani: Jidda, Kuwaiti, Jakarta, Mombasa. Sisi nasi tulikuwa na salamu zetu za kadi kwenye idhaa ya Kiswahili, na mimi mwenyewe nilizipiga chapa kadi hizo kwa maelfu, lakini zetu zilikuwa sokoni. Mtu alijipa majina ya kujisifu, akamsalimu shemeji, konda, na chifu aliyemnyang'anya shamba, mradi jina lake litoke hewani. Salamu zile za Waarabu zilikuwa zimejifunika. Aliyekuwa akisalimiwa alijijua, wengine tulipita njia.

Mwelu hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha kuswalia. Mkalimani alikuwa Mursal. Babu yake Mursal alitoka Sudani na majeshi ya Waingereza, na Kinubi chao kimetokana na Kiarabu, kwa hiyo Mursal alielewa Kiarabu cha redio kama unavyoelewa watu wanaozungumza chumba cha pili. Yeye hakuona hivyo. Alivaa miwani kabla ya kusikiliza.

"Kimya!" angesema, akiweka mkono juu ya cherehani kama mtu anayemzuia ng'ombe. "Ameanza."

"Sasa amesema nini?" Were angeuliza mlangoni, bisibisi mkononi.

"Anamsalimu ndugu yake aliye Jidda. Anasema mvua imenyesha na mtende wa shangazi umezaa."

"Yote hayo? Mbona yeye ametoa maneno mawili?"

"Kiarabu ni lugha ya kukunja, wewe. Kiluo ndicho cha kukunjua."

"Na hapo?"

"Hapo amekohoa."

"Ahaa. Nilidhani hicho nacho utatufafanulia."

"Nyinyi wanaume," Mwelu angesema, bila kukasirika, macho yakiwa kwenye redio, "jina litapita mkipiga domo."

Redio yenyewe ilikuwa ya Karama, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele lililokaa mezani kwa Mursal, na Mwelu ndiye aliyeuzungusha mkono wa kutafutia stesheni. Hakumruhusu Were kuugusa. Aliipata stesheni ile kama mtu anavyoipata njia ya nyumbani akiwa na mzigo kichwani, kwa kuhisi, sentimita baada ya sentimita, kati ya Warusi na wahubiri na miluzi ya meli, mpaka sauti nzito ikatoka. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja, mikono mapajani. Mikono ile ilinuka dhania na binzari, kwa sababu baada ya duka kufungwa alirudia kazi ya nyumba, akawa mpishi kwa Bwana Pranlal kule Loresho. Alhamisi ndiyo iliyokuwa ofu yake. Wengine siku ya ofu hulala. Huyu alipanda ngazi zetu.

Mwaka wa kwanza haukupita kabla Nairobi haijatajwa. Tulisikia wote, maana jina la mji halihitaji mkalimani. Mwelu alisimama, kigoda kikaanguka.

"Nairobi! Amesema Nairobi!"

"Tulia, Mama Zuhura." Mursal aliinua kidole, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Si wewe. Ni Abu Faraj anamsalimu Ummu Faraj. Baba Faraj kwa Mama Faraj aliye Nairobi, na walio pamoja naye. Anasema yeye ni mzima, wasimsahau kwa dua."

"Hakuna Karama?"

"Hakuna Karama. Hakuna Mariamu, hakuna Zuhura."

"Wala Mwelu?"

Were alicheka. "Mwarabu gani atasema Mwelu redioni?"

"Alikuwa akisema," Mwelu akajibu, akikiinua kigoda. "Tukiwa wawili."

Were hakucheka tena siku hiyo.

Baba Faraj alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Hakuwa mtu wa kila wiki. Alisikika karibu na Ramadhani, pengine na mwezi wa kuhiji, maneno yale yale, kama mtu anayegonga mlango mmoja. Tukamzoea. Ikifika Ramadhani Were alikuwa akiuliza, "Shemeji yetu Baba Faraj ameshapita?" Mwelu alimsikiliza mpaka mwisho kila mara, kisha akasema, "Mwanamke huyo ana bahati."

Alimwonea wivu, na wivu ule haukuwa wa maneno tu. Alianza kumtafuta. Alisema mwanamke yule lazima anajua mume wake alipitia kwa nani, alimpa nani karatasi ya salamu, na huyo huenda akamjua Karama. Siku zake za kupumzika zilizokuwa chache akazitumia kuuliza Pumwani, kuuliza Eastleigh, mlango kwa mlango: "Hodi, hapa kuna Mama Faraj?" Mmoja alimpata, huko Eastleigh. Akamkumbatia karibu alie. Kisha mume wa yule mama akatoka chumba cha ndani akiwa na ndoo za maziwa, akauliza huyu mgeni analilia nini. Mwelu alitusimulia hayo akicheka, lakini alikuwa amevimba miguu.

"Bwana yako ameoa huko, jua," Vidya, mke wa Pranlal, alimwambia siku moja jikoni, kwa Kiswahili chake cha haraka haraka. "Wewe nangoja nini? Mwanaume iko hivi hivi."

"Akioa si atasalimu, mama? Hata mwenye wake wawili husalimu."

Miaka ikaenda. Sitaki kuipamba. Ilikuwa miaka ya kupanda ngazi na kushuka ngazi. Mursal alipata sukari, miguu ikawa mizito, cherehani ikawa inalia mchana mmoja na kunyamaza siku tatu kwa sababu nguo za mitumba zilikuwa zimejaa mjini na nani atashona suruali? Kazi yangu nayo ilianza kunitoroka, ikikimbilia kwa watu wenye mashine za umeme wasiojua tofauti ya herufi nzuri na mbaya. Mwaka wa tisini nchi mbili za kwao Karama ziliunganishwa zikawa moja, Mursal akatutafsiria shangwe zote mpaka jasho likamtoka, na Mwelu akanunua mawe mapya. Alisema mlango sasa umefunguliwa, atakuja. Hakuja. Baba Faraj alisalimu kama kawaida.

Sasa Zuhura alikuwa mtu mzima. Alikuwa msichana mdogo baba yake alipoondoka. Tisini na tatu alikuwa karani wa duka la dawa, mrefu, mwepesi wa ulimi. Akaposwa na kijana fundi wa magari, mtoto wa Mzee Rehani, jamaa ya Mursal huko Kibera. Kijana alikuwa mwema. Baba yake ndiye aliyekuwa jiwe. Alikuja mwenyewe mpaka chumba cha Mursal, akaketi kwenye kigoda cha Mwelu bila kujua ni cha nani, akasema:

"Mama, msichana simkatai. Msichana ni mzuri kuliko mwanangu, naweza kusema hata mbele yake. Lakini baba yake yuko wapi?"

"Hatujui, mzee."

"Kadhi husimama mahali pa baba asiyejulikana aliko," Mursal akaingilia. "Sheria iko wazi, Rehani, usitie ugumu."

"Kadhi ni kadhi na mimi ni mimi. Sichukui mtoto wa mtu aliye hai nyuma ya mgongo wake, kesho aje aniulize nani alinipa. Na kama amekufa, sijasikia ameswaliwa msikiti gani. Nionyesheni mojawapo. Yu hai, nisikie neno lake. Amekufa, nisikie ameswaliwa. Siwezi kuozesha mwanangu kwenye ukungu."

Unaweza kumcheka. Mimi sikumcheka. Siku hizi watoto wanaoana Ijumaa na baba anapata habari Jumatatu, tena kwa mtu mwingine.

"Nipeni muda," Mwelu akasema. "Atasalimu."

Akapewa mwaka. Ramadhani ya tisini na nne ikaja, Baba Faraj akamsalimu Mama Faraj wake, na Karama hakumsalimu mtu. Kisha mwezi wa tano vita vikalipuka huko kwao, zile nchi mbili zilizoungana zikaanza kupigana. Alhamisi ile Mwelu aliipata stesheni palepale pake, lakini sauti nzito haikuwapo. Palikuwa na nyimbo za kijeshi. Alhamisi iliyofuata nyimbo. Mwezi wa saba palibaki ule mchakacho wa hewa tupu, shhh, kama mchele unaopepetwa usiokwisha. Mwelu aliuzungusha mkono huku na huku, akarudi, akaenda, akarudi.

Zuhura alikuwa amekuja kumchukua mama yake siku hiyo. Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Mathe, zima."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu niko standadi faivu. Hii redio imenilea kuliko baba, na haijawahi sema jina yangu hata siku moja." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Huyo mtu alikufa kitambo. Ni wewe tu umekataa kumzika."

Mursal alijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Mwelu aliifungua redio nyuma, akatoa mawe moja moja, akayatia kwenye mfuko wake. Kisha akaisukuma redio juu ya meza mpaka kwa Were.

"Uza," akasema. "Na wewe Mursal, nipeleke kwa imamu. Nitasema amekufa."

Waislamu wana swala ya mtu aliyefia mbali, ambaye maiti yake haipo. Ikapangwa iwe Ijumaa ya wiki iliyofuata, msikiti wa nyuma ya barabara yetu. Mzee Rehani aliarifiwa, akaja kutoka Kibera na kanzu iliyopigwa pasi. Mimi na Were si watu wa msikiti, lakini aliyekuwa akiswaliwa alikuwa rafiki yetu, kwa hiyo tulisimama nje mlangoni, penye viatu, tukasikia kwenye spika. Mwelu na Zuhura walikuwa chumba cha wanawake, nyuma ya pazia.

Baada ya swala ya Ijumaa imamu akatangaza. Alisema waumini wasiondoke, wamswalie ndugu yao marehemu Karama bin Saad Bashuaib, aliyekuwa na duka la kahawa na tende River Road, aliyefia kwao Hadhramaut.

Ndipo sauti ya mtu mzee ikasikika ndani, na kwa kuwa alikuwa karibu na spika tuliisikia mpaka barabarani.

"Nani kafa? Karama wa kahawa? Abu Faraj?"

"Mzee, keti, tafadhali. Tupange safu."

"Siketi! Nani amewaambia amekufa? Mtu huyu Ramadhani hii amemsalimu mkewe redioni. Nimemsikia mimi, kwa masikio yangu, huko Isiolo. Kila mwaka anamsalimu. Mnamswalia mtu mzima, nyinyi?"

Nikamtazama Were. Alikuwa ameufungua mdomo kama saa iliyong'olewa kifuniko.

Mzee yule aliitwa Yeslam. Alikuwa Mhadhrami, aliuza kahawa pamoja na Karama miaka ya mwanzo kabisa, kabla mimi sijahamia jengo lile, kisha akaenda Isiolo kununua ngozi na akakaa huko, asirudi Nairobi. Safari hii alikuwa ameletwa kutibiwa mtoto wa jicho. Alikuwa na bandeji kwenye jicho moja. Mursal alimshika mkono akamtoa nje, na Mwelu akatokea upande wa wanawake, mtandio umemteleza, Zuhura nyuma yake. Wakakutana penye viatu, mbele yetu.

"Baba, Abu Faraj ndiye nani?" Mwelu akamwuliza.

"Karama. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mkewe."

"Basi wewe ndiye Ummu Faraj." Mzee akainamisha kichwa, akaacha kumtazama usoni, kwa adabu. "Salamu zako zinafika mpaka Isiolo, binti yangu. Huwa nawaambia watu, mnaona mume?"

"Mimi sina Faraj. Nina huyu, Zuhura."

"Ulikuwa naye. Kabla ya huyu."

Hapo nililielewa jambo, kwa kuwa mimi ni mtu wa kwao Mwelu, na niliona uso wake ulivyobadilika. Mwelu alizaa mtoto wa kwanza wa kiume, hospitali ya Pumwani, mtoto akaishi siku mbili. Nilikuwa nimelisikia hilo kwa mbali, kutoka kwa mama yake, kwa kunong'ona. Kwetu Ukambani ya zamani, mtoto anayekufa kabla ya siku ya kupewa jina hatajwi tena. Hajawa mtu bado. Huzikwa kimya, na mama huambiwa ayaangalie ya mbele. Mwelu alikuwa kitandani na homa. Karama alipotaka kumsimulia mazishi, Mwelu alimwambia asimwambie. Karama akanyamaza, wakakaa na kimya hicho mpaka siku alipopanda ndege.

Lakini Waarabu hawamziki bila jina mtoto aliyepata kupumua. Na mwana wa kwanza, hata angeishi saa moja, ndiye anayempa babake na mamake jina la heshima maisha yao yote. Mtu asiyethubutu kulitaja jina la mkewe mbele ya Mursal angelitajaje mbele ya dunia? Na jina lake mwenyewe pamoja na la mji wa kigeni, katika nchi iliyokuwa ikiwafuatilia watu, lingemtia mashakani. Alikuwa na jina moja tu la kutumia. Alidhani mkewe analijua. Au alidhani, kwa kuwa ni mama, atalisikia tu.

"Alimpa jina?" Mwelu akauliza. Hakuuliza kingine kwanza. Hakuuliza kama mume yu hai.

"Angemzikaje bila jina? Siku ya Kiyama ataitwa vipi? Tulikuwa watu wanne, makaburi ya Kariokor. Mimi ndiye niliyeshuka ndani nikampokea. Baba yake akamwita Faraj. Akasema, huenda Mungu akaleta faraja."

"Hakuniambia."

"Alisema hukutaka kuambiwa."

Mwelu aliketi chini pale pale, juu ya ngazi ya msikiti, katikati ya viatu vya watu. Zuhura alimwinamia. Mursal alikuwa amegeukia ukuta. Sikujua kama analia kwa ajili ya Mwelu au kwa ajili ya miaka yote aliyovaa miwani akasema, si wewe. Hakuwa na kosa. Maneno aliyatafsiri sawasawa. Ilitakiwa mtu mmoja tu ajue mambo mawili, na mtu huyo alikuwa Isiolo akinunua ngozi.

Mzee Rehani alikuwa amesikia yote. Alisafisha koo.

"Nilitaka neno lake," akasema. "Mtu anayemsalimu mkewe namna hiyo miaka yote hii, neno lake nimelipata. Kadhi asimame. Mimi nimeridhika."

Harusi ilifanyika mwezi wa tisa. Kadi nilizipiga chapa mimi, kwa herufi za risasi nilizozipanga kwa mkono, na bwana harusi akalalamika kwamba hazina rangi. Mahali pa wazazi wa bibi arusi Mwelu alitaka iandikwe Baba na Mama Faraj. Watu wengi waliosoma walidhani nimekosea.

Vita kule vilikuwa vimekwisha, na stesheni ikarudi hewani, lakini na watu wapya, muziki mwingi, matangazo, kijana anayezungumza kama anakimbizwa. Kipindi cha salamu hakikurudi. Tulipeleka salamu zetu, Yeslam akiziandika kwa Kiarabu kabla ya kurudi Isiolo: kutoka kwa Mama Faraj, Nairobi, kwenda kwa Baba Faraj, tumekusikia. Tukapeleka tena. Hatukujua kama kuna aliyezisoma, wala kama Karama alivuka vita vile. Mpaka leo sijui.

Were hakuwa ameiuza redio. Alimrudishia, akasema haikupata mnunuzi, na sote tulijua hakuiweka hata dirishani. Mursal alifunga chumba akarudi Kibera na miguu yake. Mimi nilibaki mpaka wabomoaji walipokuja.

Mara ya mwisho kumtembelea Mwelu kule Waithaka ilikuwa Alhamisi, sikuichagua. Alikuwa ameacha kazi ya Loresho, magoti hayakumruhusu. Redio ilikuwa dirishani, mawe yametoka juani muda mfupi, na ndani yake hapakuwa na kitu ila ule mchele wa hewa, shhh. Jirani mmoja, mama kijana, alipita uani akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu nyanya na makelele yake tena."

"Mwelu," nikamwambia, "kipindi kimekufa. Unasikiliza nini?"

Alipunguza sauti kidogo, kwa ajili ya jirani, lakini hakuzima.

"Miaka yote ile nilisikiliza nikimwonea wivu yule mwanamke," akasema. "Acha sasa nisikilize nikiwa yeye."

Kisha akainuka, taratibu, akashika ukuta, kwenda kuteka maji ya chai.